Mdogo wangu na usaili wa programu

Wadau, juzi mdogo wangu karudi nyumbani kanywea. Kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu alipewa orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti, atafute jina moja. Akakurupuka kuandika, kimya, akikagua jina moja baada ya jingine. Ukianzia katikati na kutupa nusu kila mara, kama tunavyotafuta neno kwenye kamusi, hatua 20 zinatosha. Na njia hiyo anaijua! Pupa ndiyo iliyomponza.

Mimi mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza kabla ya kuandika, na sikuwahi kumwambia. Jumatatu ameitwa kwingine. Safari hii atauliza kwanza, afikiri kwa sauti, ajaribu hata orodha tupu. Tumwombee.