Pedali ya ambreyaji inasema, tuisikilize kabla ya kulipa



Juma hili tunaacha kidogo habari za uji wa mtoto na za shamba, tuongee juu ya gari. Wako watakaouliza: mambo ya garaji yanatuhusu nini sisi wamama? Yanatuhusu kwa sababu feza inayolipa garaji inatoka katika kasha letu. Ile Toyota Hiace ya chama inapanda na kushuka barabara ya Bukavu na Uvira. Inabeba mchele wa Luvungi, inabeba mama mwenye uchungu usiku, na faida yake inasaidia minervali ya watoto. Ikisimama siku 3 tu, nyumba nyingi zinaona shida.

Mwezi uliopita vitesi ya kwanza ilianza kukataa. Shofere alituambia: «Mama mwalimu, inalia krrr, haitaki kuingia. Nikikanyaga pedali mara tatu mfululizo, ndipo inakubali.» Gari likapelekwa garaji moja. Fundi wa huko hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba lazima boiti ya vitesi iteremshwe na ambreyaji nzima ibadilishwe, dola 300. Feza hiyo ilikuwa kasheni, lakini ilikuwa imewekwa kwa ajili ya wenzetu 4 wanaokaribia kujifungua. Kamati ikakaa, ikapatana: hakuna kutoa feza kabla hatujaelewa kitu kinachougua.

Kuelewa si kazi ngumu. Darasani tunawaonyesha watoto kwa sindano mbili zisizo na ncha, zilizounganishwa kwa mpira wa serumu na kujazwa maji. Ukisukuma moja, ya pili inatoka palepale, kwa sababu maji hayabanwi. Acha hewa kidogo iingie, usukume tena: kidole kinakwenda mbali, sindano ya pili inasogea kidogo tu, maana hewa inabanwa. Ambreyaji ya mafuta inafanya kazi hivyo hivyo. Mguu unasukuma pampu ya juu, iliyo karibu na pedali. Mafuta yanapita katika bomba nyembamba hadi pampu ya chini, kando ya boiti ya vitesi. Ile ya chini inasukuma uma wa chuma unaoachanisha injini na boiti, ili vitesi iingie bila kelele. Mafuta yakipungua au hewa ikiingia, mguu unashuka lakini nguvu haifiki. Injini na boiti hazijaachana, na meno ya vitesi yanagongana.

Kwa hiyo tuliuliza maswali kwa mpango, tukianza na yale yasiyohitaji kufungua kitu.

La kwanza: vitesi inakataa wakati gani? Ikikataa injini ikiwaka, lakini ikiingia vizuri injini ikizimwa, ugonjwa uko upande wa ambreyaji. Ikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tazameni waya au vyuma vya kubadilishia vitesi, au boiti yenyewe.

La pili: pedali iko namna gani? Ikiwa nyepesi, ikishuka hadi chini bila uzito, au ikipata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadhaa, tunafikiri kwanza hewa au upungufu wa mafuta. Ukiikanyaga na kuishikilia, ikaendelea kuzama polepole chini ya mguu, na hakuna mafuta yanayovuja nje, mara nyingi mpira wa ndani ya pampu ya juu umechoka.

La tatu: mafuta yanapotelea wapi? Tazameni kikopo chake. Magari mengine yanatumia kikopo kimoja na cha freni. Kisha pitisheni mkono juu ya pedali na chini ya zulia la shofere. Palipolowa panaonyesha pampu ya juu. Unyevu kando ya boiti unaonyesha pampu ya chini au bomba lake.

La nne: je, injini inapiga kelele nyingi lakini gari halipandi mlima, na kuna harufu ya kuungua? Hapo diski imeisha au inateleza. Hata mkiongeza mafuta, hayatasaidia. Boiti itateremshwa kweli, na feza ya kazi hiyo inatolewa bila kunung'unika.

Kwa gari letu, zulia lilikuwa limelowa. Fundi wa pili, baada ya kusikia majibu yote manne, alifungua pampu ya juu, akabadilisha mipira yake, akatoa hewa. Kutoa hewa kunahitaji watu wawili tu: mmoja pedalini, mmoja chini kwenye kirubu kidogo cha pampu, na mpira unaoishia ndani ya chupa yenye mafuta. Mmoja anakanyaga, mwenzake anafungua. Kirubu kinafungwa kwanza, ndipo pedali inaachwa. Wanarudia hivyo mpaka povu liishe, na kikopo cha juu hakiachwi kikauke hata mara moja. Kazi yote, pamoja na mipira na chupa ya mafuta, haikufika dola 40. Wenzetu 4 wangali na feza yao.

Hatusemi fundi wa kwanza ni mwizi. Aliletewa gari bila maelezo, kama mtoto anayeletwa senta ya afya na mtu asiyejua homa ilianza lini.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe. Ni mafuta ya freni, DOT 3 au DOT 4, kadiri kifuniko cha kikopo kinavyosema. Yanavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi isitumiwe. DOT 4 mpya haichemki kabla ya digrii 230, lakini ikishavuta maji inaweza kuchemka kwenye digrii 155. Mvuke unabanwa kama hewa, na pedali inazama. Hata magari ya mbio, yenye injini kali na joto kali, yanasumbuliwa na jambo hilo, ndiyo maana wenyewe wanabadilisha mafuta mara kwa mara. Kwetu, kila miaka 2 inatosha, au mapema yakiwa meusi. Msikubali kuwekewa mafuta ya injini wala ya kupikia: yanavimbisha mipira na kuharibu kila kitu. Tena, mafuta ya freni ni sumu. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya sukari au ya maji nyumbani. Mtoto akiyanywa, apelekwe senta ya afya mara moja pamoja na ile chupa.

Neno la mwisho ni kwa wanaopita Ngomo. Pedali ikizama mnateremka, shofere asitoe vitesi iliyomo, kwa sababu injini inasaidia kuzuia gari. Aondoe mguu kwenye mafuta, awashe taa za hatari, akanyage freni taratibu na kutafuta pa kusimama. Abiria washuke upande wa mlima, jiwe liwekwe nyuma na mbele ya gurudumu. Asijaribu kufika Kamanyola kwa kubahatisha, hasa kama kikopo ni kimoja na cha freni.

Tangu juma lililopita tumeweka daftari ndani ya gari. Kila jioni shofere anaandika mambo matatu: kimo cha mafuta katika kikopo, uzito wa pedali, na vitesi iliyokataa kama ipo. Mama wa zamu anasoma na kutia sahihi. Vikundi vyenye gari au pikipiki ya pamoja vinaweza kuja kunakili kurasa zake siku ya mkutano, baada ya hesabu ya MUSO.