Moto wa Bomba

Ndani ya mashine ya CT kuna bomba la eksirei lisilo na hewa. Upande mmoja waya hupashwa joto hadi utoe elektroni. Volti kama 120,000 huzirusha zikagonge sahani ya tangsteni, inayozungushwa kwa kasi ili isiyeyuke. Takriban asilimia 99 ya nguvu hiyo hugeuka joto. Kinachobaki ndicho eksirei.

Bibi alipotolewa Munanila kwenda kupigwa picha ya kichwa, aliniuliza: "Mjukuu wangu, humo mna moto?"

"Umo, Bibi. Kama wa mafiga: mwingi hupotea, kidogo huivisha maharage."

Kidogo hicho kilionyesha damu iliyovujia ubongoni. Lakini kila picha hulichakaza bomba. Likifa, wagonjwa wa milimani husubiri jingine, au husafiri mbali zaidi.