Mwaka Mpya na Michezo ya Kioo

Mwaka mpya ukiingia, kila mtu hufanya hesabu ya nafsi yake. Mkulima hukusudia kupanua shamba, mwanafunzi hukusudia kusoma zaidi, na mlevi hukusudia kuiacha chupa. Nia hizi zote zahusu kazi au makosa. Ni wachache wanaojiuliza: Je, mwaka huu nitacheza nini? Swali hili huonekana la kitoto. Lakini maadamu mtu huonyesha tabia yake zaidi pale asipolazimishwa na yeyote, naona lina haki ya kujibiwa. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alitoa kitabu kizima mwaka 1938, Homo Ludens, kutetea hoja kwamba mchezo ni mkongwe kuliko utamaduni. Ikiwa ndivyo, basi ufinyu wa mchezo si jambo dogo.

Mimi ni mwalimu katika mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule mkubwa umekwisha kitambo. Reli imebaki, na mji umekua. Katika mitaa yake yako mabanda ya gemu. Ndani ya banda mna vioo viwili au vitatu, mabenchi, na pedi ambazo alama zake zimefutwa na vidole. Mchezo unaochezwa humo ni mmoja tu, nao ni mpira wa miguu. Watengenezaji wake waliuondolea jina la FIFA mwaka 2023 wakauita EA Sports FC, lakini vijana wetu waliendelea kuuita fifa.

Siulaumu mchezo huo. Ni mwepesi kufahamika, huchezwa na wawili, na watazamaji hufurahi sawa na wachezaji. Kinachonitia shaka ni upweke wake. Chakula kizuri kikiliwa peke yake mwaka mzima hudhoofisha mwili. Na mchezo mzuri ukichezwa peke yake mwaka mzima hudhoofisha fikira.

Ninaye mpwa wangu, dereva wa bodaboda. Pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenyewe. Alianza kucheza mpira wa kioo kwa kujifurahisha, kisha akacheza kwa kuwekeana fedha, kisha akahamia kwenye mikeka ya kubeti. Hatua hizo tatu ni fupi sana, kwa sababu mpira ni uleule, majina ya wachezaji ni yaleyale, na roho ya kutazamia matokeo ni ileile. Siku mbili mfululizo hesabu haikufika. Mwenye pikipiki akasema kwamba siku ya tatu ataichukua. Dada yangu akanijia akilia, akasema, "Kaka, mkataze huyu mtoto gemu." Nilimlipia mpwa wangu hesabu zile, lakini kumkataza sikumkataza. Kijana wa miaka ishirini na miwili hakatazwi kucheza, akikatazwa hujificha. Niliona ni heri kumpanulia njia kuliko kumzibia.

Mwezi wa Januari uliofuata tulipatana hivi: mpira asiuache, lakini kila miezi michache ajifunze mchezo mmoja asioujua, nami nijifunze pamoja naye.

Tulianza na Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Huchezeka katika simu ya kawaida. Vipande huanguka, nawe huvipanga visiache pengo. Hakuna mpinzani, wala hakuna ushindi. Mchezaji huendelea mpaka azidiwe. Baada ya wiki moja mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, huku hakuna wa kumbetia." Maneno hayo yalinipendeza kuliko alama zake zote.

Mchezo wa pili haukuwa wa kioo. Nilimpeleka chini ya mwembe kwa wazee wachezao bao: safu nne za mashimo manane manane, na kete sitini na nne. Huko tuligundua utajiri wa mkoa wetu. Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao wana bao la kwao liitwalo isolo. Na wenye asili ya Burundi, waliopokelewa katika makazi ya Katumba baada ya machafuko ya mwaka 1972, wanatoka katika nchi zinazocheza igisoro. Watu watatu waweza kuketi penye mashimo yaleyale na kila mmoja akadhani mchezo ni wa kwao. Kijana aliyezoea kubonyeza kwa haraka alifundishwa huko kuhesabu kabla ya kunyosha mkono. Mzee mmoja alimwambia, "Mwanangu, kete ukishaitoa shimoni haikusikilizi tena."

Mchezo wa tatu ulikuwa Minecraft, uliokamilishwa mwaka 2011 na ambao nakala zake zilizouzwa zilipita milioni mia tatu mwaka 2023. Humo mtu hujenga. Mpwa wangu alijenga stesheni ya Mpanda kwa matofali ya mraba, akaitazama kama mtu anayeitazama nyumba yake mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha. Mwenye banda aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, mimi nauza mechi. Mtu akijenga nyumba saa nzima, nitamtoza nini?" Hoja yake ilikuwa ya haki, maana ni biashara iliyoufanya mpira kuwa mfalme. Tulikubaliana auze nusu saa badala ya mechi katika kioo kimoja, siku za Jumapili. Kioo hicho hakijawahi kukaa kitupu. Ama bao, gharama yake ni kuketi tu.

Sisemi kwamba mpwa wangu ameongoka. Mkeka bado huununua mara mojamoja. Lakini mwaka mzima hesabu haikukosa kufika, na pikipiki ingali mikononi mwake.

Liko jambo moja zaidi ambalo nawaachia wanafunzi. Mwaka 2014 ulitolewa mchezo uitwao Never Alone, uliotengenezwa pamoja na wazee wa Wainupiat wa Alaska kutokana na hadithi yao ya kale, na msimulizi wake husema kwa lugha yao wenyewe. Tulipoucheza katika kompyuta yangu, mpwa wangu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa nini mzimu wa Katabi, ambao husemwa kuwa hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, haumo katika kioo chochote. Nilimjibu kwamba anayejua mchezo mmoja huwa mnunuzi daima, bali anayejua mingi huanza kuona jinsi inavyotengenezwa. Mwaka huu ameomba afundishwe kuandika programu. Somo lenyewe ni gumu, na walimu wake ni haba katika mji wetu. Ninyi mnaosoma vyuoni mnayo maarifa hayo; akija mlangoni kwenu na swali lake, mfungulieni.