Jumapili ya Silverton

Ushirika wetu wa Waswahili hapa Colorado ulisafiri kwa treni ya mvuke kutoka Durango hadi Silverton. Ni kilomita 72, lakini huchukua saa tatu na nusu hivi, maana reli ni nyembamba, upana wa futi 3 tu, na mahali pengine imechongwa ubavuni mwa mwamba, juu kabisa ya mto Animas. Wahispania waliuita Mto wa Roho. Reli ilifika Silverton mwaka 1882 ili kuteremsha madini ya fedha na dhahabu. Leo hubeba watalii, nasi tulikuwa watalii hasa: tulipiga picha, tukaimba pambio, tukapangusana masizi usoni.

Juu ya mji ule ipo sanamu ya Kristo wa Migodi, ya marumaru kutoka Italia. Wakatoliki wa pale waliisimamisha mwaka 1959, migodi ikiwa inakufa, wakaomba kazi irudi. Ikarudi. Kisha, Jumapili ya tarehe 4 Juni 1978, ziwa dogo liitwalo Emma lilitoboka chini, maji yote yakamiminika ndani ya mgodi wa Sunnyside. Hakufa mtu. Ilikuwa siku ya mapumziko, mgodini hamkuwa na mchimbaji.

Tulisema haleluya. Nani asingesema?

Mama mmoja kati yetu, mzaliwa wa Kivu, hakusema. Kaka yake alifukiwa shimoni akichimba koltani. Ilikuwa Jumanne, na asubuhi ile walikuwa wameomba pamoja. "Jumapili yao nimpe Mungu sifa," alisema, "na ile Jumanne yetu nimpe nani?"

Mchungaji, ambaye kwa kawaida hakosi neno, aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Yesu alikataa kuwahesabu kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Hapo akanyamaza. Twamshukuru kwa kunyamaza; maelezo ya haraka tumeyasikia mengi makaburini.

Treni ilipopiga filimbi ya kwanza, mama yule alikuwa bado amesimama chini ya sanamu. Alituomba jambo moja tu: tumtaje kaka yake kwa jina, kwa sauti. Tulimtaja, mmoja baada ya mwingine, hata watoto. Kisha tukateremka mlima nusu mbio, mama akiwa ameshikwa mkono, maana treni haimsubiri mtu.