Kabla ya kupima nguvu za mtoto, ulizeni alizaliwa lini

Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Winnipeg, nchini Kanada. Ana miaka 14. Anacheza hoki ya barafu, ule mchezo ambapo watoto wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kusukuma kisahani cha mpira kwa fimbo. Aliniambia: «Mjomba, nataka kuacha.»

Nikamuuliza kuna nini. Akasema walipimwa nguvu kabla ya timu kuchaguliwa. Waliruka mbele, wakajivuta kwenye chuma mpaka kidevu kipite juu, wakaendesha baiskeli ya mazoezi sekunde 30 kwa nguvu zote, maana mchezaji wa hoki hukaa uwanjani kama dakika moja tu, kisha anapumzika. Mwisho walikimbia mita 20 kwenda na kurudi, wakifuata mlio unaozidi kuharakisha kila dakika. Kipimo hicho kilitungwa na Luc Léger wa Chuo Kikuu cha Montréal.

Kijana wetu alikuwa karibu na wa mwisho. Kocha akamwambia: «Wewe ndiye mkubwa kuliko wote hapa, lakini nguvu zako ni za mtoto.»

Mkubwa kuliko wote? Hapo nikanyamaza.

Mimi nilikuwepo alipozaliwa hapa Uvira, Novemba 2011. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, na mimi ndiye nilishika tochi tukimpeleka dada hospitali. Lakini walipokimbia vita, cheti kilibaki nyumbani. Kambini karani aliandika 1 Januari 2011. Wakimbizi wengi wanaijua tarehe hiyo, ndiyo waliyopewa wao pia.

Huko Kanada watoto wa hoki hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Novemba wanapimwa pamoja. Katika umri huo miezi kumi ni mingi: mmoja ameanza kuota ndevu, mwingine sauti yake bado ya kitoto. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa huko wameonyesha kwamba waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ndio wengi katika timu kubwa za vijana.

Nilimsimulia pia habari ya Sam Bennett. Mwaka 2014, kwenye vipimo vya vijana wanaotaka kuingia ligi kuu ya NHL, hakuweza kujivuta kwenye chuma hata mara moja. Hata hivyo alichaguliwa wa nne, na mwaka 2025 alitangazwa mchezaji bora wa michuano ya kombe, ambalo timu yake ya Florida Panthers ililichukua.

Sisemi kupima ni vibaya. Lakini matokeo bila umri wa kweli ni kama habari isiyo na tarehe: kwetu redioni hatuisomi.

Dada yangu anaogopa kugusa karatasi, wasije wakasema alidanganya. Ninamuelewa. Nilimshauri aende tu kumwambia kocha kwa mdomo. Akihitaji shahidi, mimi nipo kwenye simu. Na mtoto nilimwomba aandike matokeo yake kwenye daftari, baada ya miezi mitatu ajilinganishe nayo, siyo na mtoto wa Januari.

Jana ameniandikia: «Nimerudi mazoezini.»

Nanyi wenye watoto ng'ambo waliopewa tarehe ya 1 Januari, waambieni walimu wao ukweli mapema.