Mshipa Mmoja Umezibuliwa

Stoo yangu ya vitenge Kariakoo iko ghorofa ya 3 na jengo halina lifti. Kwa muda mrefu nilikuwa natuma vijana wapandishe mizigo, nasingizia umri. Nikipanda mwenyewe, nasimama kila kona ya ngazi najifanya napokea simu. Kifua kinabana, taya la kushoto linauma, nikipumzika kidogo yanaisha. Majirani walikuwa na majibu yao: gesi, vidonda vya tumbo, mawazo ya mikopo. Mwanamke akilalamika kifua, mawazo ndiyo husingiziwa kwanza. Mume wangu angekohoa tu angekimbizwa hospitali.

Kipimo cha umeme wa moyo kwenye kliniki yangu ya presha ndicho kilichonifikisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Wifi yangu alianza kulia. Yeye anakumbuka enzi ambazo mgonjwa wa moyo alisafirishwa India, na kichwani mwake matibabu ya moyo ni kupasuliwa kifua.

Mimi sikupasuliwa. Nililala macho kodo chini ya mashine ya eksirei, mkono wa kulia umenyooshwa, nikachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika. Mrija mwembamba ukapitishwa hapo hadi kwenye moyo. Walipopuliza dawa ya rangi, mishipa ikajitokeza kwenye skrini kama mito kwenye ramani, inacheza kwa kila pigo. Ule wa mbele, upande wa kushoto, ulikuwa na mahali pamekonda kabisa. "Mama, shida yako ile pale," daktari akasema, naye hakuondoa macho kwenye skrini.

Wakapenyeza waya wenye unene wa kama theluthi moja ya milimita, na juu ya waya huo puto dogo. Puto lilipojazwa, kifua kilibana vilevile kama kwenye ngazi, kwa sababu kwa sekunde hizo puto lenyewe ndilo lililoziba mshipa. Likalegezwa, maumivu yakaisha. Kisha ikaja stenti: kijibomba cha wavu wa chuma kilichobanwa juu ya puto jingine. Puto likijaa, wavu unatanuka na kushika ukuta wa mshipa. Puto linatolewa, wavu unabaki humo maisha yote. Puto la mishipa ya moyo lilianza Zurich mwaka 1977, likitumiwa na daktari Andreas Grüntzig, lakini mishipa mingi ilikuwa inasinyaa tena. Stenti ya kwanza ya moyo iliwekwa Ufaransa mwaka 1986. Yangu imepakwa dawa ya kuzuia nyama isiote ndani ya wavu.

Sasa ngazi napanda, polepole lakini bila simu ya uongo. Ila watu wananipongeza "umepona", na hapo ndipo ninapobishana nao. Damu ikikutana na chuma kigeni hupenda kuganda, na donge likiziba stenti, huo ni mshtuko wa moyo. Kwa hiyo nameza aspirini na klopidogreli kila siku. Jino liliponisumbua, daktari mmoja wa meno aliniambia niache dawa zote mbili wiki nzima ndipo aling'oe. Nikamtolea kadi ya stenti, yenye tarehe, kipenyo na urefu, nikampigia daktari wangu wa moyo wazungumze wenyewe. Jino liling'olewa nikiwa nimemeza dawa zangu. Damu ilichelewa kukata, nikang'ata pamba mpaka jioni.

Kuna jambo wengi hawalijui hata wakiniona na kadi. Siku ile skrini ilionyesha mshipa mwingine, wa kulia, umepungua upana kama asilimia 40. Huo haukuwekewa kitu. Daktari alisema damu inapita vya kutosha, na kuweka chuma pasipohitajika ni kuongeza hatari bure. Huo umeachiwa atorvastatini, dawa ya kolesteroli, ya usiku, presha inayopimwa, sukari inayopimwa, na mimi kutembea kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja jioni kabla ya kupanda daladala.