Kabla Hujamdharau DJ Screw

DeSoto, Texas

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikicheka peke yangu. Ati hip-hop ni New York na Los Angeles, kwingine kote ni wasindikizaji! Na ule muziki wa Houston niliokutumia unasema ni kama redio kaseti iliyoishiwa betri. Hilo la kwanza nalikataa kabisa. La pili lina maelezo yake.

Tuanze na Dallas, maana DeSoto iko kusini yake tu, ukishuka na barabara kuu ya 35E. The D.O.C. ni wa hapa. Albamu yake, No One Can Do It Better, ilitoka 1989, na mwaka huohuo ajali ya gari ikamharibia koo. Sauti ile haikurudi tena. Akaendelea kuwaandikia wenzake wa California mistari, kwa hiyo hata hao unaowaabudu umewasikia wakitumia kalamu ya mtu wa Dallas. Erykah Badu naye ni mzaliwa wa huku. Hata dansi ya Dougie ilianzia huku. Lil Wil aliitolea wimbo mapema, lakini 2010 wakaja Cali Swag District wa California na wimbo wao, dunia nzima ikadhani mali ni yao. Mimi mhamiaji, lakini hilo linaniuma kama mwenyeji.

Halafu kuna Vanilla Ice. Usigune! Yule naye alizaliwa Dallas, na ni mdundo wa wimbo wake, Ice Ice Baby, ambao Saleh Jabir aliuchania Kiswahili kule Dar es Salaam mwaka 1991, kabla Sugu na Kwanza Unit hawajaleta mambo mazito zaidi. Kwa hiyo unaposema Dallas haina lake katika hip-hop, Bongo Flava yenyewe inakusuta.

Sasa Houston, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa. DJ Screw, jina lake halisi Robert Earl Davis, alikuwa akiweka nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili, moja ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine. Anahamia huku, anarudi kule, mpaka neno moja linajirudia kwenye spika. Kisha kazi yote anaipunguza kasi, sauti za watu zinakuwa nzito, besi inatambaa. Kaseti zake zilikuwa zikinunuliwa nyumbani kwake, wateja wakipanga foleni ya magari nje. Muziki ule ni wa gari, tena gari linalokwenda polepole jioni, vioo vimeshushwa. Wewe umeusikilizia kwenye spika ya simu, ndani ya daladala, utauelewaje?

Tena wewe mpenzi wa singeli ndiye ungekuwa wa kwanza kumwelewa. Vijana wa Manzese na Tandale walichukua taarabu na mchiriku wakaongeza kasi mpaka midundo 200 na zaidi kwa dakika. Screw alirudisha nyuma, wao wakakimbiza, lakini wote walichezea kasi bila kumwomba ruhusa mtu yeyote wa redio. Huyo Travis Scott wako, ambaye ni wa Houston, ana wimbo unaoitwa R.I.P. Screw ndani ya Astroworld ya 2018. Ulikuwa ukiuruka?

Screw alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29, na codeine ilitajwa katika chanzo cha kifo. Chukua muziki, hayo mengine waachie wenyewe. Hapo nasema kama mjomba, si kama shabiki.

Kwangu mimi, hata hivyo, mkubwa wa Texas ni Scarface. Mwaka 1991, wakati wengi wakijigamba kwa bunduki, yeye na wenzake wa Geto Boys walitoa Mind Playing Tricks on Me, habari za mtu mwenye hofu, asiyelala, anayeshuku kila kivuli. Kuchana ukiwa umekiri woga kunahitaji kifua. Kwetu nampata mtu wa kumlinganisha naye kwa usimulizi, Professor Jay wa Ndiyo Mzee, aliyemvaa mwanasiasa mwongo mpaka ukamwona jukwaani. (Baadaye naye akawa mbunge, Mikumi, 2015. Dunia ina vituko.) Hawa vijana wa sasa wanaorudia kiitikio kimoja dakika tatu, sina ugomvi nao. Siwasikilizi tu.

Basi, kazi yako ni hii. Tafuta The Diary ya Scarface, ya 1994, uisikilize yote kwa mpangilio wake, usiku, kwa vipokea sauti vizuri. Ukimaliza, nitumie orodha yako ya wachanaji kumi bora. Kama Scarface hayumo, uje na sababu, si matusi.

Msalimie mama yako, mwambie nitampigia Jumapili.

Mjomba wako